Mshahara Sawa, Nyumba Hakuna: Wangari Maathai katika Idara ya Anatomia ya Mifugo, Nairobi, 1966–1982

Katikati ya miaka ya 1970, mhadhiri wa kike aliyeolewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi angeweza kulipwa mshahara wa msingi uleule wa mwenzake wa kiume wa cheo kilekile, na bado mwisho wa mwezi akawa amepata kidogo kuliko yeye. Tofauti haikuonekana kwenye mshahara. Ilikuwa kwenye masharti ya ajira: nyumba ya chuo au posho ya nyumba, matibabu, pensheni. Mwanamume aliyapata marupurupu hayo kwa cheo chake. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa anayo tayari, kwa kuwa ana mume.

Profesa Wangari Maathai alitumikia chuo hicho miaka 16. Wengi wanamfahamu kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, na ni haki yake. Lakini miaka hiyo 16 katika fani ya anatomia ya mifugo inastahili kuchambuliwa kwa upekee, kwa sababu inaonyesha hatua kwa hatua jinsi msomi mwanamke Mwafrika anavyoweza kupanda hadi juu ya idara na bado akawa hana kiti kinachomshikilia.

Kuingia: barua ambayo haikutosha

Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alikwenda Marekani mwaka 1960 katika ile safari ya wanafunzi iliyoratibiwa na akina Tom Mboya. Alisoma baiolojia huko Atchison, Kansas, akamaliza mwaka 1964, kisha akachukua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alirudi Nairobi Januari 1966 akiwa ameahidiwa kwa barua nafasi ya msaidizi wa utafiti wa profesa wa zuolojia, katika chuo kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Alipofika kuripoti, aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Maathai aliamini mambo mawili yalimkosesha kazi ile kwa pamoja: kuwa kwake mwanamke, na kabila lake, kwa sababu nafasi ilikwenda kwa mtu wa jamii ya profesa mwenyewe. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya ukabila peke yake, au ya jinsia peke yake, kutegemea msimuliaji anataka kusema nini. Yeye hakuvitenganisha, na tunaona alikuwa sahihi. Pale ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kutoa ahadi ya kazi na kuitangua bila kikao wala kumbukumbu yoyote, upendeleo wa aina zote hupita mlango mmoja, na anayeumia hana waraka wa kuonyesha ni upi uliomkata.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa fani nyingine. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa akijenga idara mpya ya anatomia ya mifugo, na alihitaji mtu anayejua kufanya kazi na tishu na hadubini. Ujuzi huo Maathai alikuwa ameuchota Pittsburgh. Ndivyo mwanabaiolojia alivyohamia upande wa madaktari wa mifugo. Idara changa ina faida yake kwa mtu aliyekataliwa kwingine: viti bado havijazoeleka kuwa vya fulani, na kazi ni nyingi kuliko watu.

Kazi yenyewe

Ni vyema kueleza kazi hii, kwa sababu wasifu mwingi huandika tu kwamba "alikuwa mwanasayansi" na kupita. Maathai alifundisha histolojia, yaani elimu ya tishu, na embriolojia, ukuaji wa kiumbe tumboni. Uti wa mgongo wa fani hii ni slaidi. Kipande cha tishu hutumbukizwa kwenye formalini mara tu kinapotoka kwenye mnyama. Kikicheleweshwa, seli huanza kujimeng'enya na kinachoonekana baadaye ni uozo, si umbo. Kisha hupitishwa kwenye alkoholi za nguvu inayopanda ili maji yote yatoke, halafu kwenye kimiminika kama zailini, ndipo kinaingizwa kwenye nta ya moto. Maji yakibaki ndani, nta haipenyi, na kipande hubomoka wakati wa kukatwa. Mashine ya kukatia, maikrotomu, hukata utando mwembamba wa takriban mikroni 5. Wembe ukiwa butu, utando hupasuka mistari. Baada ya hapo hutiwa rangi, kwa kawaida hematoksilini na eosini: viini vya seli huwa vya buluu, na sehemu inayovizunguka huwa ya waridi.

Utafiti wake wa uzamivu ulihusu hatua za mwanzo za ukuaji na utofautishaji wa tezi za uzazi katika ng'ombe. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 280, lakini tofauti kati ya korodani na ovari huanza kuonekana mapema sana, karibu na siku ya 40. Mtafiti wa jambo hili huhitaji viinitete vya umri mbalimbali, kila kimoja kikatwe slaidi kwa mfululizo bila kuruka, kisha zisomwe moja baada ya nyingine ili umbo lijengwe upya kichwani. Ukiruka kumi kwa uzembe, huenda umeruka mahali penyewe palipogeuka. Ni kazi ya subira na ya kukaa maabara kwa saa nyingi.

Mwaka 1967 Hofmann alimhimiza aende Ujerumani, akafanya utafiti Giessen na München, akarudi mwaka 1969 kuwa mhadhiri msaidizi huku akimalizia tasnifu. Mwaka huohuo aliolewa. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimtunuku uzamivu, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia shahada hiyo. Alikuwa mhadhiri mwandamizi mwaka 1974, mwenyekiti wa idara mwaka 1976, profesa mshiriki mwaka 1977. Katika vyeo hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza chuoni hapo.

Darasani upinzani haukudumu. Wanafunzi wake walikuwa karibu wote wanaume, baadhi wakimkaribia umri, na mwanzoni walitilia shaka kama binti yule angewafundisha kitu. Shaka ilipungua ulipofika wakati wa mitihani, walipotambua kwamba yeye ndiye anayesahihisha. Ubishi wa wanafunzi una dawa hiyo. Ubishi wa kanuni za chuo hauna.

Masharti ya ajira: tatizo lilikaa wapi hasa

Hebu tuupitie mfumo kwa makini. Nyumba ya chuo katika Nairobi ya miaka ile haikuwa jambo dogo. Kodi katika maeneo yaliyo karibu na chuo ilikuwa mzigo, na kupewa nyumba au posho kulikuwa sawa na kuongezewa sehemu nzuri ya mshahara. Kanuni ilimchukulia mume kuwa ndiye mwenye nyumba. Mwanamke asiye na mume au mjane angeweza kufikiriwa. Aliyeolewa aliambiwa, kwa maana halisi, aende akale kwa mumewe.

Kanuni ya namna hii ina hila tatu, na kila moja iliwagusa wanawake wale. Ya kwanza, inaonekana ya haki kwa mtazamaji wa juujuu, kwa kuwa "familia moja haipewi nyumba mbili". Ya pili, inawagawa wanawake: mwenye mume mwenye cheo serikalini hapotezi sana, kwa hiyo haoni sababu ya kuhatarisha amani ya nyumbani kwa ajili ya madai. Ya tatu, na hii ndiyo nzito, inaifanya haki ya mfanyakazi itegemee ndoa yake. Ndoa ya Maathai ilivunjika, na talaka ikatolewa mahakamani mwaka 1979. Watoto walikuwa watatu. Marupurupu yanayopitia kwa mume huondoka na mume, hata kama mwanamke hajakosa siku moja kazini.

Aliyesimama naye ni Vertistine Mbaya, mwanabiokemia mzaliwa wa Marekani aliyeolewa Kenya na kufundisha chuoni hapo. Wote wawili walidai jambo moja: masharti yafuate cheo na kazi, yasifuate jinsia wala ndoa. Walianza kwa njia ya kawaida, kwa barua na mazungumzo na utawala. Mazungumzo yalipokwama, wazo lilikuwa kukigeuza chama cha wanataaluma kuwa chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kisheria, ili kiwe na nguvu ya kujadiliana na mwajiri. Tofauti ya viwili hivyo ni kubwa. Chama cha wanataaluma kinaweza kutoa maoni. Chama cha wafanyakazi kinaweza kumlazimisha mwajiri aketi mezani.

Hapo walikutana na ukuta. Kisheria mkuu wa chuo alikuwa Rais wa Jamhuri. Kukishtaki chuo kulielekea kuwa sawa na kumshtaki Rais, na katika Kenya ya wakati ule hilo halikuwa suala la marupurupu tena. Mahakama iliwakatalia. Waliokuwa tayari kusimama hadharani walizidi kupungua, na mwishowe sauti zilizobaki zikisikika wazi ni mbili.

Chuo kilichagua njia ya kuzinyamazisha hizo mbili: Maathai na Mbaya walikubaliwa kupewa masharti kamili, wao kama wao. Kanuni ikabaki ilivyo kwa wengine. Yaani wasomi wawili walihesabiwa kuwa wanaume wa heshima ili kitabu cha kanuni kisiguswe. Tunashawishika kwamba hapa ndipo moyo wa kisa ulipo. Mwajiri anapompa mlalamikaji anachodai kwa jina lake, huwa amenunua vitu viwili kwa bei ndogo: amepoteza mtu mmoja tu kwenye hesabu yake, na amewaondolea wengine kiongozi mwenye sababu binafsi ya kuendelea. Waliokubali hawastahili lawama. Walikuwa na watoto wa kulisha na walikuwa wamebaki peke yao. Lakini walichopewa ni hisani, na hisani haina ibara unayoweza kuinukuu siku mambo yakiharibika. Baada ya muda, madai mengi waliyoyapigania yalikubaliwa kwa wanawake wa chuo kwa jumla. Njia waliyoichonga ilipitika, ila waliopita kwa raha ni wa nyuma yao.

Kupe waliompeleka kwenye miti

Katika miaka hiyohiyo fani yake ilimpa jambo ambalo hakulitafuta. Alikuwa akichunguza ndigana kali, maradhi yanayoua ng'ombe, hasa wale wa kigeni na chotara, kwa wiki chache tu. Kinachosababisha ni kidudu kiitwacho Theileria parva, na anayekibeba ni kupe wa kahawia apendaye kukaa sikioni. Kupe huyu hunyonya wanyama watatu tofauti katika maisha yake: lava, tunutu, na mkubwa, kila mmoja hung'ata mnyama wake, kisha hudondoka majanini kujibadilisha au, akiwa mkubwa, kutaga mayai. Akinyonya damu yenye kidudu katika hatua moja, hukiingiza kwa mnyama wa hatua inayofuata kupitia mate. Ndiyo maana wafugaji huogesha ng'ombe kwa ratiba isiyokatika. Wiki zikirukwa, mzunguko hujifunga upya.

Ili kupata kupe, Maathai ilimbidi atoke maabara na kwenda vijijini nje ya Nairobi. Huko aliona ng'ombe waliokonda hadi mbavu kuhesabika, nyasi haba, na mito iliyobeba udongo mwekundu kila mvua iliponyesha. Mito aliyoijua utotoni Nyeri haikuwa ya rangi ile. Alifikia hitimisho ambalo si kila mtaalamu wa mifugo angelikubali: kwamba hatari kubwa kwa mifugo ya Kenya haikuwa kupe peke yake, bali ardhi iliyokuwa ikivuliwa miti na kuchukuliwa na maji.

Wakati huohuo, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alikuwa akiwasikia wanawake wa mashambani wakieleza uhaba wa kuni, maji, malisho na chakula chenye lishe. Msomi wa tishu ana mazoea ya kuuliza jambo limeanzia safu gani. Malalamiko yote manne yalianzia safu moja.

Majaribio ya mwanzo yalifeli. Mwaka 1974 alianzisha shughuli ya kupanda miti aliyoiita Envirocare. Miche ilikosa maji na fedha zikakosekana, ikafa. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya viongozi saba wa jamii mbalimbali. Iliyoishi ni miwili. Somo alilolichukua lilikuwa la mtu wa maabara: kupanda ni nusu ya kazi, na kinachopaswa kulipwa ni mche uliosalimika. Vikundi vya wanawake vya Vuguvugu la Ukanda wa Kijani (Green Belt Movement), lililokua kutokana na upandaji huo, vilifuata utaratibu wa hatua kumi, kuanzia kuunda kikundi na kutafuta eneo la kitalu hadi kukagua miche iliyokwisha pandwa, na malipo madogo, takriban senti 4 za Marekani kwa mche, yalitolewa kwa ule uliothibitishwa kuwa hai. Maafisa wa misitu walidai kazi hiyo inataka diploma. Wanawake wakaifanya bila diploma.

Kwa wanaouliza athari yake katika fani, hapa ndipo pa kutazama. Hakuacha rafu ndefu ya makala za anatomia. Aliacha vizazi vya madaktari wa mifugo waliofundishwa kusoma slaidi kwa subira, na aliacha wazo kwamba afya ya mnyama husomwa pia kwenye udongo anaoukanyaga. Wazo hilo leo ni la kawaida katika kozi zinazounganisha afya ya binadamu, wanyama na mazingira. Mwaka 1975 halikuwa la kawaida.

1982: mpangilio wa hatua uliomwangusha

Mwaka huo kiti cha ubunge cha Nyeri kilikuwa wazi. Maathai aliamua kugombea. Sheria ilimtaka mtumishi wa chuo cha umma ajiuzulu kwanza, naye akajiuzulu. Ndipo kamati ya uchaguzi ikasema hana sifa, kwa hoja kwamba hakujiandikisha upya kupiga kura katika uchaguzi uliotangulia wa mwaka 1979. Aliona hoja hiyo si ya kweli, akaenda mahakamani, akashindwa kwa sababu za kiufundi.

Alirudi chuoni kuomba kazi yake. Akaambiwa nafasi imekwisha jazwa. Chuo kilichopandisha watu vyeo kwa miezi na vikao kilikuwa kimepata mbadala wa mwenyekiti wa idara kwa kasi ya ajabu, na hatuoni namna ya kulieleza jambo hilo bila kukumbuka nani alikuwa mkuu wa chuo.

Tazama mpangilio. Kujiuzulu kulitangulia, uthibitisho wa sifa za mgombea ukafuata. Hatua ya kwanza haikurudishika, ya pili ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Likizo bila malipo ingemwachia mlango wa kurudi. Kujiuzulu kuliufunga, na chuo hakikuwa na wajibu wowote wa kisheria wa kuufungua. Kisha vyote vilivyofungwa kwenye ajira vikaanguka siku moja: mshahara, matibabu, na nyumba. Kwa sababu alikuwa akiishi katika nyumba ya chuo, alitakiwa kuondoka. Haki ileile aliyoipigania kwa miaka ikawa kamba ya kumtoa, maana nyumba inayotolewa kwa cheo huondoka na cheo. Kilichomwokoa ni nyumba ndogo aliyokuwa ameinunua miaka ya nyuma mtaa wa South C. Alikuwa na umri wa miaka 42 hivi, profesa mshiriki, mwenyekiti wa zamani wa idara, bila kazi.

Msomi mwanamke aliyekuwa wa kwanza katika kila ngazi huwa na udhaifu mmoja ambao sifa zake huuficha: hana aliyemtangulia wa kumtetea kikaoni. Wanaume walioondoka katika siasa na kutaka kurudi walikuwa na wanafunzi wao wa zamani, marafiki wa klabu, watu wa rika lao kwenye seneti ya chuo. Yeye alikuwa na Mbaya.

Chama cha Misitu cha Norway kilimkuta muda mfupi baadaye, kikitafuta mshirika, na Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Wanawake ulikuwa umetoa fedha za kuanzia, dola 122,700. Vuguvugu likawa kazi yake ya siku nzima. Kila anayesema "afadhali walimfukuza, la sivyo tusingepata miti" anasahau kwamba alikuwa akifanya yote mawili tangu 1977, na kwamba idara ilimpoteza mwalimu wa histolojia aliyekuwa amebakiwa na zaidi ya miaka kumi ya kufundisha.

Mwaka 2002 alikuwa mtafiti mgeni katika kitivo cha misitu cha Chuo Kikuu cha Yale, na mwishoni mwa mwaka huo wapiga kura wa Tetu wakampeleka bungeni kwa asilimia 98 ya kura. Mwaka 2010 alishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Mazingira, iliyoko Kabete. Alifariki Septemba 25, 2011. Vertistine Mbaya alikaa miaka mingi katika uongozi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na katika maandishi mengi kuhusu mapambano ya masharti ya ajira ya wanawake chuoni Nairobi jina lake halitajwi.